Huduma za watu wenye ulemavu tunaambiwa zipo. Na mlezi je, anapokelewa wapi?

#1 Mama Tunu
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanikaa kifuani, naomba tulijadili.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, anakwenda miaka tisa. Hasemi, hakai bila kushikiliwa, lakini ukimtania anacheka, na sauti ya baba yake anaijua toka getini. Kila nikiulizia msaada najibiwa kwamba upo. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kuna asilimia 2 ya mikopo ya halmashauri, kuna kliniki ya mazoezi, kuna shule zenye kitengo cha elimu maalumu. Sikatai. Ila vyote hivyo vinataka mtoto afikishwe pale, na wa kumfikisha ni mimi. Kazi ya dukani niliiacha kwa ajili hiyo, mgongo umeanza kunigomea, na hakuna dirisha hata moja nililofika nikaulizwa "na wewe mama, hali yako ikoje?"

Hoja yangu ni hii: huduma zetu zimepangwa kana kwamba mlezi hayupo. Kama kuna mahali mlezi anapokelewa kwa ulezi wake, nitajieni tuelekezane.

#2 Kigogo wa Ilala
Nimeshika siti ya mbele, nasubiri wajuzi.

#3 Bwana Shamba
Pole sana mama. Kwa mtazamo wangu sababu ni moja, bajeti. Posho ya kila mwezi hata mwenye ulemavu mwenyewe hapewi, mlezi atafikiwa lini? Tusizunguke mbuyu, hela hamna.

#4 Ticha wa Kitengo
Bwana Shamba, hela ni sehemu tu ya tatizo.

Mimi nafundisha kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Nina watoto wenye ulemavu wa akili, na wawili wana usonji. Nje ya mlango wangu kuna benchi. Toka asubuhi watoto wanapoingia hadi kengele ya mwisho, hapo wanakaa kina mama, kila mmoja na mkoba: nguo za kubadilisha, chupa ya uji, khanga ya akiba. Nyumbani hawaendi, kwa sababu shule haina msaidizi wa kumbadilisha mtoto akichafuka, na mimi niko peke yangu na darasa zima. Mama anashinda pale hauzi mboga, halimi, halali. Rejista ina jina la mwalimu na majina ya watoto. Wa kwenye benchi hajaandikwa popote.

Hapo hakuna hela nyingi inayotakiwa. Msaidizi mmoja tu kwa darasa angewaachia huru wanawake wote wale. Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi.

#5 Mjomba Kisheria
Salaam. Niweke msingi kidogo ili tujadili tukiwa na kitu mkononi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria Na. 9 ya 2010. Humo mna kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa kupanda juu, mna Mfuko wa Taifa, mna wajibu wa mwajiri, mna elimu jumuishi, afya, na majengo yanayofikika. Ukimtafuta mlezi, unamkuta upande wa wajibu: ndugu anatajwa kuwa na jukumu la kumsaidia mwenye ulemavu. Nikiisoma naona uzito umewekwa kwenye jukumu lake, stahili zake zimebaki nyuma.

Mkataba wenyewe umekwenda mbali zaidi. Ibara ya 28 inataka kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu zisaidiwe na serikali gharama zinazotokana na ulemavu, na inataja waziwazi mafunzo, ushauri nasaha, msaada wa fedha na huduma ya kumpokea mlezi kwa muda ili apumzike. Kwa hiyo anachokililia Mama Tunu si ndoto, kipo kwenye mkataba tuliouridhia wenyewe.

Bwana Shamba, hoja ya bajeti naielewa. Lakini jambo lisiloandikwa kwenye sheria ya nyumbani halipati hata fungu la kunyimwa.

#6 Kigogo wa Ilala
Mjomba umeshusha nondo mpaka simu yangu imepata moto. Swali: kwenye ajira si walisema asilimia 5?

#7 Mjomba Kisheria
Ni asilimia 3, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea. Hiyo 5 wengi wanaichukua kwa majirani, Katiba ya Kenya ya 2010 ndiyo inayoitaja kwa nafasi za umma.

#8 Asha wa Pwani
Mnazungumzia sheria na bajeti, mimi nazungumzia aibu. Familia nyingi bado zinaficha. Mtaani kwetu kuna binti tuliyemjua siku makarani wa sensa walipopita mwaka 2022. Nyumba imetazamana na yangu, tumeishi miaka, tunaazimana vyombo, na sijawahi kujua kuna mtu chumba cha uani. Sasa afisa ustawi wa jamii atamjuaje? Mlezi asiyejitokeza hawezi kuhesabiwa, na asiyehesabiwa hapangiwi kitu. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

#9 Mama Tunu
Dada Asha, wanaoficha wapo, siwatetei. Ila mimi wangu namtoa. Muuza genge anamjua kwa jina, kondakta wa daladala anamjua, mwenyekiti wa mtaa anamjua. Amejulikana miaka yote hii na bado hakuna aliyegonga hodi. Aibu haitoshi kueleza hali yangu.

#10 Baba Wawili
Niongeze upande wa kina baba. Mwanangu wa pili ana usonji na mimi ndiye ninayempeleka kliniki, mama yake ni muuguzi, ana zamu. Kila tukifika mapokezi swali la kwanza ni "mama yake yuko wapi?" Nikielezwa jambo, linaelezwa kwa kifupi na naambiwa nikamwambie mama. Nyumbani nako wazee wanauliza kwa nini nafanya kazi ya kike.

Nadhani hapa pana mzizi mwingine. Ulezi umechukuliwa kuwa ni tabia ya mama, hauonekani kuwa ni kazi. Na kitu kisichoitwa kazi hakilipwi, hakipewi likizo, hakifundishwi. Wanaume wengi wanakimbia, tunajua, na wanaobaki mnatufukuza kwa maswali.

#11 Bwana Shamba
Likizo ipo kaka. Nimewahi kusikia kuna siku za mtoto mgonjwa.

#12 Mjomba Kisheria
Ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: siku 4 zenye malipo mtoto akiugua au kukitokea msiba wa karibu. Ila iliandikwa ikimfikiria mtoto mwenye malaria anayepona wiki hiyo hiyo. Mtoto mwenye kliniki ya kudumu anazimaliza siku hizo mapema. Na mama muuza genge, mwajiri wake ni nani?

#13 Magurudumu
Nimesoma uzi toka juu kimya kimya, sasa niseme. Natumia kitimwendo toka ajali ya bodaboda iliponivunja uti wa mgongo. Mke wangu ndiye mnayemwita mlezi.

Jamani, kuna namna mnavyoongea inatufanya tuonekane mzigo unaotafutiwa wapagazi zaidi. Mnauliza mlezi asaidiwe vipi. Mimi nauliza kwanza kwa nini anahitajika kwa kila kitu. Mke wangu ananisukuma kwenda benki kwa sababu ngazi ni tatu na njia ya mteremko hakuna. Ananibeba chooni hospitali kwa sababu mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti. Daladala haisimami ikiniona, kwa hiyo anatoka yeye kutafuta bajaji. Ondoa ngazi, panua mlango, nipe kiti kinachonitosha, na nusu ya kazi yake imekwisha bila kumlipa mtu posho. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016 niliona mwenyewe: kituo kiko usawa wa mlango wa basi, naingia peke yangu. Tatizo likawa msongamano tu. Siku hizo mke wangu alikuwa anabaki kwenye biashara yake.

Kwa hiyo sikubaliani na #1 moja kwa moja. Huduma zimepangwa kana kwamba mlezi yupo daima, bure, nguvu hazimwishi. Ndiyo maana hawajengi njia.

#14 Ticha wa Kitengo
Magurudumu, aya yako ya mwisho nitaibeba kwenye kikao cha shule.

#15 Mama Tunu
Kaka Magurudumu, nimekusoma na nimekuelewa. Kwako wewe njia ya mteremko ni uhuru. Mwanangu hata ukimjengea lami mpaka chumbani, wa kumlisha na kumgeuza usiku atahitajika. Sote wawili tuko kwenye sheria moja, ila mahitaji hayafanani.

#16 Mtu wa Mazoezi
Shikamooni wakubwa. Nafanya fiziotherapia hospitali ya mkoa. Mama Tunu ametaja mgongo, na hilo naliona kila wiki: wanakuja watoto, na mama zao ni wagonjwa wasio na kadi. Ruhusuni niseme ya kumsaidia leo, siasa mtaendelea nayo.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyekakamaa, ukimwinua akiwa amenyooka anajitupa nyuma, na uzito wote unaingia kiunoni kwako. Mkunje kwanza. Piga goti moja karibu naye, mlaze ubavu, kunja magoti na nyonga zake, mlete kifuani kwako ndipo usimame kwa nguvu ya miguu. Ukimpakata, mtawanyishe miguu kiunoni mwako, itamlegeza. Usimvute kwa mikono wala makwapa, bega linaweza kuteguka.

Kulisha: asilishwe akiwa amelala wala kichwa kikiwa kimeangalia dari. Chakula kinapita njia ya hewa, ndiyo vile vikohozi na nimonia za mara kwa mara. Mkalishe wima, kidevu kiinamie kifua kidogo, kijiko kitoke mbele usawa wa mdomo, na akimaliza abaki wima kama nusu saa. Mlishaji akae chini usawa wake, akisimama mtoto atanyanyua kichwa kumtazama.

Usiku, asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na asubuhi mkague kitako, nyonga na visigino. Ukiona wekundu usiopotea ukibonyeza, usimlaze upande huo tena.

Kwa nini kina mama hawafundishwi haya siku ya kwanza? Kwa sababu foleni ni ndefu na kadi ni ya mtoto. Kwangu mimi sababu ni upungufu wa watu wa fani yangu, hasa wilayani. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa akaamua mlezi apuuzwe.

#17 Neema Tele
Mtu wa Mazoezi, Mungu akubariki. Hiyo ya kumkunja kwanza mimi sikufundishwa na hospitali, nilifundishwa na mama mwenzangu wodini.

Wangu alizaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa. Upasuaji tulifanyiwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, akawekewa mrija wa kutoa maji kichwani kupeleka tumboni. Tuliporudi nyumbani, wazazi wa ASBAHT, chama cha wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi, ndio walioniambia dalili za mrija kuziba: kutapika, usingizi usio wa kawaida, utosi kujaa, macho kuangalia chini tu. Siku zilipotokea nilijua sisubiri kukuche. Kwa hiyo kama mleta uzi anauliza mlezi anapokelewa wapi, jibu langu ni chama cha wazazi. Tafuta cha kundi lako.

#18 Kigogo wa Ilala
Sasa hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Wasioona wana TLB, viziwi wana CHAVITA, wenye ualbino wana TAS, wenye ulemavu wa viungo wana CHAWATA, juu yao shirikisho lao, SHIVYAWATA. Mlezi aende kipi? Labda ndiyo maana hana sauti, kagawanywa kwa aina ya ulemavu.

#19 Magurudumu
Na vyama hivyo vilipigania muda mrefu ili viongozwe na wenye ulemavu wenyewe, wasisemewe na wazazi wala wahisani. Msije mkatuvuruga hapo.

#20 Neema Tele
Hakuna anayekusemea baba. Wangu ana miaka minne, atajisemea lini?

#21 Salma wa Unguja
Msitusahau visiwani. Hiyo Sheria Na. 9 ya 2010 ni ya Bara, sisi tuna sheria yetu na baraza letu la watu wenye ulemavu, kwa hiyo mkishauri mtu mwambieni kwanza yuko upande gani.

Kwetu nyumbani kaka yangu ana ulemavu wa akili, amelelewa na bibi tangu mama alipofariki. Bibi anapata Pensheni Jamii iliyoanza 2016 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea. Anaipata kwa umri wake tu. Angekuwa na miaka 50 akimlea yule yule, asingepata kitu. Hiyo fedha yake ya uzee ndiyo inayomnunulia kaka sabuni. Nalitazama hilo kila mwezi na linaniuma.

#22 Otieno K
Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Huku Kenya kuna Inua Jamii, ina fungu la wenye ulemavu mkubwa, KSh 2,000 kwa mwezi, na anayezipokea kwa niaba yake ni mlezi. Kwa hiyo mlezi anajulikana kwa jina kwenye mfumo. Lakini msidhani tumefika. Pesa huchelewa, na wanaohitaji ni wengi kuliko walioandikishwa.

#23 Bwana Shamba
Karibu Otieno. Umeona sasa, wenzetu wana hela.

#24 Baba Wawili
Hapana Bwana Shamba, wenzetu walimwandika mlezi. Hela ikifuata ina mahali pa kwenda.

#25 Asha wa Pwani
Na TASAF je? Si wanasaidia kaya zenye wenye ulemavu?

#26 Mtendaji Mstaafu
TASAF inaangalia umaskini wa kaya. Ulemavu unazingatiwa kaya ikishaingia, lakini haukuingizi peke yake. Nilisimamia mikutano ya utambuzi nikiwa mtendaji wa kijiji, najua ilivyo. Mama mwenye nyumba ya bati na mtoto asiyeweza kusimama, mkutano unasema "huyu ana bati". Hawamhesabii kwamba mtu mzima mmoja wa nyumba ile hawezi kutoka kwenda kulima. Watu si wabaya, ni kwamba kipimo cha macho ni bati.

Kuhusu zile kamati za sheria ya 2010 alizotaja Mjomba, kwetu tuliiunda. Ilikutana mwanzoni, halafu hakukuwa na hata nauli ya wajumbe wanaotumia magongo. Naomba kila mmoja hapa aseme, mtaani kwenu ipo?

#27 Kigogo wa Ilala
Kwetu sijawahi kuisikia.

#28 Salma wa Unguja
Mimi niko Unguja, nimeshasema.

#29 Ticha wa Kitengo
Kata yetu ipo, inafanya kazi. Katibu ni mama kiziwi anayeandika kila kitu. Kikao kinaanza akishafika mkalimani wa lugha ya alama. Watoto wawili waliokuwa ndani wameingia shule kwa sababu yao.

#30 Neema Tele
Turudi kwenye mikopo ya asilimia 10. Nilisikia imefutwa.

#31 Mjomba Kisheria
Haikufutwa. Ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa 2024. Mgao ni ule ule: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, bila riba.

#32 Neema Tele
Asante. Sasa kiini cha swali langu: mzazi anaweza kukopa kwenye ile 2 kwa niaba ya mtoto? Mimi dirishani niliambiwa nimlete mwenye ulemavu asaini. Mtoto wa chekechea asaini nini?

#33 Baba Wawili
Halmashauri yetu afisa maendeleo ya jamii alitupokea kikundi cha wazazi, tukapewa, tunafuga kuku.

#34 Asha wa Pwani
Shemeji yangu alikataliwa waziwazi, akaambiwa aingie kwenye 4 ya wanawake.

#35 Magurudumu
Na mimi naona ni sawa akiingizwa kule. Hiyo 2 ni ndogo, na kuna watu wanaokopa kwa jina la mtoto kisha mtoto haoni hata daftari. Nimeyaona. Mama Tunu ni mwanamke, 4 yake ipo.

#36 Mama Tunu
Kaka, ile 4 inataka kikundi na vikao. Kina mama wa kikundi changu cha zamani waliniambia kwa upole nijitoe, kwa sababu sifiki vikaoni. Sina wa kumwachia mtoto. Kwa hiyo kote nimebaki mlangoni.

#37 Mtendaji Mstaafu
Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa maendeleo ya jamii, uombe majibu kwa maandishi. Jibu la mdomo dirishani linabadilika na mtu wa zamu.

#38 Fundi Viungo
Nimechelewa, nilikuwa kiwandani. Mimi ni fundi wa viungo bandia na visaidizi, nilisoma TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi, chuo kimefungua milango toka 1981 na kinafundisha mafundi wa nchi nyingi za Afrika.

Mama Tunu, mtoto anakalia nini nyumbani?

#39 Mama Tunu
Tuna kitimwendo cha msaada, tulipewa kwenye hafla. Ni kikubwa. Nambana na mito miwili lakini anaishia kulala upande wa kushoto.

#40 Fundi Viungo
Nilijua. Hivyo ni vya mtu mzima, vimetengenezwa kusukumiwa mgonjwa wodini. Mtoto akizama humo, nyonga zinakaa mshazari na uti wa mgongo unajipinda anavyokua. Viti vya kugawa Desemba 3, siku ya watu wenye ulemavu, vinapigwa picha nzuri, lakini kiti bila kupimwa kinaweza kumuumiza aliyekipokea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa viti mwendo mwaka 2008, na kupima na kufundisha ni hatua zake, si ziada.

Kwa sasa: pima upana wa nyonga zake akiwa amekaa, kiti kizidi kidogo tu. Kina cha kalio kiishie vidole viwili au vitatu kabla ya nyuma ya goti. Nyayo zikanyage kitu, zisining'inie. Seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea kiti cha kona cha mbao chenye meza mbele, ukimpelekea vipimo. Kitakusaidia pia wewe, maana akikaa vizuri mikono yako miwili inabaki huru. Ila apimwe na mtu wa mazoezi kwanza, kama nyonga zimeteguka mchoro unabadilika. Uko mkoa gani?

#41 Mama Tunu
Dar, Mbagala.

#42 Fundi Viungo
Basi CCBRT Msasani wana karakana ya viungo na kliniki ya watoto wa mtindio wa ubongo. Uliza siku ya kliniki kabla ya kutoka nyumbani.

#43 Asha wa Pwani
Mbagala hadi Msasani na mtoto wa miaka tisa mgongoni... nauli ya bajaji peke yake.

#44 Mtu wa Mazoezi
Ndiyo maana nasema watu wa fani yangu wapelekwe vituo vya afya vya kata. Mtoto mwenye nyayo za kupinda, kwa mfano, anawekewa plasta kila wiki kwa wiki kadhaa, kisha viatu maalumu vya kulalia mpaka miaka minne au mitano. Matibabu yanafanya kazi vizuri sana. Wanaoshindwa, wengi wao hushindwa katikati kwa nauli.

#45 Bibi Kofia
Wajukuu zangu, mimi nalea mjukuu mwenye ualbino. Niseme zuri moja. Mafuta ya kuzuia jua yanatengenezwa hapa hapa, Kilisun, KCMC Moshi, na kliniki ya ngozi inapotufikia wananipima naye na kunifundisha mimi: kofia pana, mikono mirefu, kidonda kisichopona nisikipe wiki. Kwa hiyo mlezi kufundishwa inawezekana, nimeona kwa macho yangu.

#46 Kigogo wa Ilala
Shikamoo bibi. Tukizungumzia ualbino, tumewahi kuwa na mbunge wa kuchaguliwa mwenye ualbino Lindi Mjini 2010, Barwany, na naibu waziri mwenye ualbino, Dk. Possi, 2015. Walipoingia mbona ulezi haukuzungumzwa?

#47 Magurudumu
Miaka ile ualbino ulikuwa suala la kuuawa au kuishi. Watu walikuwa wanalindwa roho zao.

#48 Mama Tunu
Nawashukuru wote. Fundi, nitapima nyonga kesho akiamka. Mtendaji, barua nitaiandika. Bado sijaridhika kuwa ni bajeti tu wala aibu tu.

#49 Pendo la Saba
Samahani kuchepusha. Mwanangu ana uoni hafifu, mwakani anafanya mtihani wa darasa la saba. Ni kweli wanaongezewa muda?

#50 Ticha wa Kitengo
Kweli. Baraza la Mitihani huongeza dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine. Kwa uoni hafifu kuna karatasi ya maandishi yaliyokuzwa. Lakini lazima shule imsajili akiwa na mahitaji maalumu tangu mwanzo, usisubiri wiki ya mtihani.

#51 Pendo la Saba
Mwalimu mkuu anasema mtoto anaona vizuri tu, mbona anacheza mpira.

#52 Ticha wa Kitengo
Kuona mpira uwanjani na kusoma maandishi madogo ni vitu viwili. Nenda na cheti cha daktari wa macho, mwombe afisa elimu maalumu wa wilaya awepo au apewe nakala. Ukikwama njoo inbox, nitakuandikia namna ya kuiweka barua.